Shamba la Baba Lisilo na Uzio

Shangazi Cecilia, shikamoo. Nakusoma kila Jumamosi hapa Makole, nimesimama kwenye kibanda cha magazeti, na siku nyingi nasoma halafu naondoka bila kununua, unisamehe, lakini wiki hii nimenunua gazeti na kalamu kabisa, kwa sababu jambo lililonifika nimeshindwa kumwambia mtu, kwa mchungaji nilikwenda nikaishia kuongea habari za kwaya, na usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu, naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Mimi ni mwanamke wa makamo, karani kwenye ofisi moja hapa mjini, nimepanga chumba na sebule, ila kwetu ni pembezoni mwa jiji hili hili la Dodoma, mahali ambapo nilipokuwa msichana tulipaita kijijini na sasa panaitwa mtaa, nyumba zimetufikia zikatupita zikaenda zake mbele, na mtaa wenyewe siutaji, na majina ya watu nimeyabadilisha, kwa sababu watu wa huko wanakusoma. Baba alifariki akatuachia shamba moja kubwa la uwele na mtama, linaanzia barabarani linateremka taratibu mpaka korongoni, na ukoo ulipokaa ukanichagua mimi niwe msimamizi wa mirathi, ingawa ninaye kaka mkubwa, Gerson, mwalimu huko Kongwa, wakasema mimi ndiye niliyezoea mambo ya ofisi na niko karibu, mahakama ikanithibitisha, kwa hiyo sahihi inayotakiwa sasa ni yangu na si ya mwingine.

Kuna jambo moja lazima nikueleze kwanza maana bila hilo hutanielewa. Kwetu Wagogo shamba ni la mwenyewe wakati wa mvua, analima, anapalilia, na ukipitisha mbuzi wako humo utaitwa mbele ya wazee. Lakini akishavuna, mabua ni ya wote, ng'ombe wa jirani wanaingia bila kubisha hodi, watoto wanacheza, njia za mkato zinafunguka zenyewe, na mtu akizungushia miiba shamba lililokwisha kuvunwa atasemwa mpaka ajute kuzaliwa. Baba aliishi hivyo na hakuweka uzio maisha yake yote. Basi mji ulipotufikia watu hawakuja na ng'ombe, walikuja na mipira, na vigari vya watoto, na maharusi wanaopiga picha, na jioni wengine wanatembea humo wamevaa raba kupunguza mwili, na baba alikuwa anakaa mlangoni anawatazama amefurahi kabisa, anasema, "Waacheni wapite, ni kiangazi." Halafu akazeeka, tukawa tunalima kipande kidogo tu cha karibu na nyumba, kwa hiyo huko kwingine kiangazi kikawa mwaka mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya.

Sasa mtaa ulipopimwa, kwenye ramani shamba letu lilipakwa rangi ya kijani, maana yake ni eneo la wazi la wananchi kupumzika, na baba aliambiwa asijenge, atalipwa fidia zamu yake ikifika. Baada ya mazishi nimekwenda ofisi ya ardhi kuuliza, na dada mmoja akanieleza kwa upole wala hakunizungusha, kwamba zamu bado, na itafika lini hawezi kunidanganya. Kwa hiyo Shangazi kujenga haturuhusiwi, kukata viwanja tuuze haturuhusiwi, na kulima hatuwezi, utalimaje mahali ambapo mtaa mzima unafanyia mazoezi, tuna shamba la watu wakubwa na bado tunaishi kama tusio na kitu.

Ndipo akatokea Bwana Cornel. Ni mtu mstaarabu, anaamkia wazee vizuri, hapandishi sauti, kazi yake ni kujenga nyumba za kupangisha. Yeye anasema atanunua shamba lote, ataomba kibali cha kubadilisha matumizi ya nusu ya juu inayopakana na barabara, hapo ajenge maghorofa na fremu za maduka, halafu nusu ya chini, upande wa korongoni ambako baba alikuwa halimi kwa sababu mvua zikianza maji hupita, ataigeuza bustani ya wananchi kwa gharama zake mwenyewe, aweke miti, mabenchi, taa na bembea. Nilimuuliza yule dada wa ofisini akasema likifuata taratibu ni jambo linalowezekana, wananchi wapate bustani bila fidia kusubiriwa. Bwana Cornel ametuletea na mchoro wa rangi, mzuri mno, maghorofa mbele, bustani nyuma, na geti moja kubwa la kuingilia lenye kibanda cha mlinzi, anasema ni kwa ajili ya usalama wa watoto.

Akatuchukua mimi na Gerson kwenye gari lake tukaone maghorofa yake mengine hapa mjini, nayo yana bustani ya namna hiyo, ambayo alikubaliana na serikali hivyo hivyo iwe ya wananchi. Mlinzi akampigia saluti, tukaingia, tukatembea kwenye majani yaliyokatwa vizuri, tukanywa soda chini ya mwavuli, na sijui nisemeje, ni pazuri, pametulia kama kanisani siku ya Jumatatu, hapakuwa na mtu ila sisi. Gerson tulipotoka akanishika bega akasema, "Saini, dada. Baba hakutuachia shamba ili tulitazame." Na simlaumu, watoto wake wanasoma, mshahara wa mwalimu unaujua.

Basi habari zikafika mtaani kabla yetu. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Athuman, akaitisha mkutano, na mimi nikaenda na mama nikidhani tutaeleza tu mambo yalivyo. Kabla sijafungua mdomo akasimama mama mmoja anaitwa Aneth, mtumishi wa serikali aliyehamia hapa serikali ilipohamia Dodoma, mtu safi tu ambaye tunasalimiana, akasema, "Mwenyekiti, hawa wanauza bustani yetu. Sisi tulinunua viwanja hapa kwa sababu ya hii open space. Dalali alituonyesha kabisa, akasema mbele yenu hamtajengewa milele." Watu wakapiga makofi. Shangazi, bustani yenu! Nilitaka kusema maneno ambayo hata sasa nayamung'unya, lakini mama yangu, Anyesi, ambaye hasimami mikutanoni, akasimama akiegemea bega langu, akawasalimu kwa Kigogo akawauliza, "Mbukwenyi. Bustani gani mnayoisema? Mimi nimelima uwele hapo tangu nilipoolewa. Hamkuona uzio mkadhani hamna mwenyewe?" Mwenyekiti akaahirisha mkutano.

Niseme haki, jioni ile ile Aneth alikuja nyumbani na sukari na majani ya chai, akamwamkia mama akasema, "Mama, nisamehe, kweli sikujua kama lina watu. Ni vile mama mkwe wangu alipooza upande mmoja, na hapo ndipo tunapomfundisha kutembea tena." Mama akamwambia amlete tu. Alipoondoka mama akanigeukia akasema, "Saini, usisaini, mimi karatasi sizijui. Lakini sijawahi kumfukuza mtu kiangazi. Usinifanye nianze uzeeni." Na neno hilo ndilo linaloniamsha alfajiri, kwa sababu nikisaini naweza kuwa nimemfukuza Aneth na mkwewe, na nisiposaini namkaba Gerson na wanawe, na mama mwenyewe anataka vitu vibaki kama vilivyo na haviwezi kubaki.

Jambo dogo nimesahau kusema, Bwana Cornel aliniambia pembeni wakati Gerson amekwenda msalani kwamba mambo yakienda vizuri kuna fremu moja ya kona atanipa mimi binafsi kama shukrani, na mimi nimetamani duka la vitambaa tangu zamani, sikumjibu ndiyo wala hapana, na sidhani kama hilo linabadilisha chochote.

Anakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu kuchukua sahihi. Naomba uniambie Shangazi, je ni haki mtu binafsi kutengeneza bustani ya wananchi kwenye shamba la watu, au ni ujanja, na je baba angeniona namna gani?

Ni mimi, Binti wa Mwenye Shamba, Dodoma.

SHANGAZI CECILIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na Jumamosi ijayo nunua tena gazeti, mwenye kibanda naye ana watoto.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nitaanza na kile ulichokiweka mkiani, hilo "jambo dogo" ulilolisahau. Hukulisahau hata kidogo. Mtu hasahau fremu ya kona. Umeandika barua ndefu ya bustani, korongo na mabua, ukaificha fremu chini kabisa kama mtoto anayefukia nyama ndani ya ugali ili nduguze wasiione. Nakupenda kwa kuwa umeitaja, maana ungeweza kunyamaza. Lakini usiniambie haibadilishi chochote. Hiyo ndiyo inayokuamsha alfajiri, pamoja na neno la mama yako.

Wewe ni Mgogo, nitakusemesha kwa mambo ya kwenu. Mtu akiweka ng'ombe wake kwa jirani amtunzie, jirani anakamua maziwa na hakuna anayemnung'unikia. Ndama akizaliwa, je, anampeleka mnadani kimya kimya? Ukoo umekuwekea shamba. Leo hii, si kesho, mpigie kaka yako umwambie, "Cornel aliniahidi fremu ukiwa msalani." Mwambie wewe kabla hajaambiwa na mwingine. Atafoka, mwache afoke. Halafu mwambie Bwana Cornel kwamba kama ana shukrani, aiongeze kwenye bei ya ukoo mzima. Duka lako la vitambaa litatoka kwenye fungu lako halali, na utalala humo hata mchana.

Ukishaitoa fremu machoni ndipo utauona mchoro vizuri. Sasa tuje kwenye ulichoniuliza.

Kwanza pole. Kusikia watu wanaita "yetu" mahali ambapo mama yako ameinamisha mgongo miaka yote inauma, na mimi nilivyo ningesema yale maneno uliyoyamung'unya. Lakini niwaambie na nyinyi ukweli. Mlitaka mji usome desturi ambayo hamkumwambia mtu. Mgogo akiona shamba halina miiba kiangazi anajua lina mwenyewe na mwenyewe ni muungwana. Aliyetoka Tanga au Bukoba anaona uwanja. Dalali naye anaona chakula chake. Aneth alikosea, amekuja na sukari na pole, na wangapi huku kwetu wakikosea wanakuja na sukari? Huyo usimfanye adui. Utamhitaji, nitakuambia kwa nini.

Unauliza kama mtu binafsi anaweza kutengeneza bustani ya watu wote. Anaweza. Wapo watakaokuambia mwenye fedha hajawahi kutoa kitu bure, kwa hiyo fukuza. Mimi sisemi hivyo. Rangi ya kijani kwenye ramani haikati majani wala haipandi mti. Mkingoja fidia mnaweza kungoja mpaka wajukuu wa Gerson, na katikati hapo leo ataweka mtu kibanda cha chipsi, kesho mwingine atamwaga kokoto, keshokutwa mwingine atajenga choo cha muda ambacho hakitaondoka, na shamba litaisha kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Bwana Cornel anahitaji barabara yenu, wananchi wanahitaji mahali pa kupumzika, nyinyi mnahitaji kuishi. Watu kukutana kwenye haja zao si dhambi, ndivyo hata ndoa zinavyofungwa.

Ila mimi nimezaliwa Kongwa. Kule Wazungu walikuja na matrekta na ramani za mashamba ya karanga kabla sijazaliwa, wakaahidi mengi, wakaondoka wakaacha vyuma. Bibi yangu hakuwa na chuki nao. Alichokuwa anasema ni kwamba mgeni akija na mpango mkubwa, usimuulize atajenga nini, muulize akishaondoka kitabaki cha nani. Muulize hivyo Bwana Cornel, tena kwa sauti yako ya ofisini.

Haya, tazama mchoro. Yeye anachukua juu, panapojengeka, penye barabara. Wananchi anawapa korongoni, mahali ambapo baba yako mwenyewe hakupanda hata mlenda kwa sababu ya maji. Bembea za watoto kwenye njia ya maji, mwanangu? Sisemi korongo halifai. Miti italipenda na kivuli kitakuwa kizuri. Lakini bustani lazima ipate na ardhi kavu, na kipande hicho kiendelee juu mpaka kiguse barabara, watu waingie kwa miguu yao kutoka barabarani bila kupita kwenye ua wa mtu. Geti moja lenye kibanda cha mlinzi kwa usalama wa watoto! Watoto wamecheza humo bila mlinzi tangu baba yako yuko hai. Mlinzi wa Bwana Cornel atalinda wapangaji wa Bwana Cornel, na simlaumu, ndicho anachoajiriwa kufanya.

Na kosa kubwa kuliko yote ni hili la kuuza shamba lote ili yeye ndiye aje agawe. Umelelewa kwenye nyumba ambayo neno lilitosha. Baba yako alisema "ni kiangazi" na watu wakapita miaka yote hiyo, kwa hiyo masikio yako yakisikia "bustani ya wananchi" yanaamini. Bwana Cornel hajaoa kwenu wala hatazikwa kwenu. Siku akiuza maghorofa kwa mwingine, yule mwingine atasema neno hilo hakulisikia. Basi gawa wewe kabla hujauza. Pimeni, wekeni mipaka, kipande cha bustani kiwe na hati yake peke yake, kiandikwe kuwa ni mali ya wananchi, na mtoaji aandikwe ukoo wa baba yako. Bwana Cornel anunue cha juu tu, na kutengeneza bustani iwe sehemu ya bei anayowalipa, iandikwe, na iandikwe kuwa mpangaji wa kwanza hahamii kabla mabenchi hayajakaliwa na watu. Iandikwe pia nani atakata majani na nani atalipia taa baada ya sherehe za uzinduzi kwisha, maana hapo ndipo bustani nyingi hufia. Nenda tena kwa yule dada wa ofisini, ameonyesha ni mkweli, akueleze kipi kinaruhusiwa na kipi hakiruhusiwi. Tafuteni wakili. Namaanisha wakili wenu, asije akatoka kwenye gari lile lile mlilopanda kwenda kunywa soda.

Utaniambia Bwana Cornel akisikia masharti haya ataondoka. Huenda. Akiondoka kwa sababu mmemwomba aandike alichokwisha kukisema kwa mdomo, utakuwa umejua alichokuja kutafuta, na mwekezaji mwingine atakuja, barabara haihami. Huenda pia akabaki, akapunguza bei kidogo. Kama ndivyo, wewe na Gerson mkae chini mpime mnaweza kupunguziwa kiasi gani, na Gerson apewe nafasi ya kusema kwa sababu ana watoto na haki yake ni sawa na yako. Sitaki uwe mtakatifu kwa kutumia fungu la kaka yako.

Sasa Aneth. Mwendee, unywe chai kwake. Mwambie Mzee Athuman aitishe mkutano tena, na safari hii wewe ndiye uanze kusema. Waeleze kwamba wamekuwa wageni kwenye shamba la watu miaka yote na wamekaribishwa, na kwamba sasa ukoo uko tayari kuacha kipande kiwe cha wote, lakini kitahitaji kamati, kitahitaji mikono ya kufyeka na macho ya kutazama mipaka isisogezwe. Waliopiga makofi siku ile waje na mapanga. Aneth amezoea ofisi za serikali kuliko wewe, mpe kazi ya kufuatilia hiyo hati mpaka itoke. Ana mgonjwa wa kutembeza, hatachoka haraka.

Mama yako nampa heshima zake, shikamoo yangu umfikishie. Lakini naye mwambie ukweli, kwa adabu. Hataki karatasi, hataki kuuza, hataki kufukuza, anataka kiangazi kisichoisha. Akifa shamba likiwa hivi lilivyo, mtagawana vipande, kila mmoja ataweka uzio wake, na watu watafukuzwa tu, hata kama si yeye atakayewafukuza. Kutofanya kitu nako ni kuamua. Umsaidie aone kwamba kipande chenye hati ya wananchi ndiyo njia pekee ya kuwaacha wapite hata akiwa hayupo mlangoni.

Unauliza baba yako angekuonaje. Baba yako sikumjua. Nadhani angekasirika kidogo kuhusu fremu, halafu angeuliza chakula kiko wapi.

Bwana Cornel anakuja Ijumaa? Ijumaa hiyo wewe hupo. Una safari na mama yako.

Kwenye barua umesema mlikwenda kuona ile bustani yake nyingine, mlinzi akapiga saluti, pametulia, hapakuwa na mtu. Mlikuwa na mwenye mali, mwanangu. Saluti haikuwa yako. Na hebu jiulize, katika Dodoma hii yenye jua hili, bustani ya wananchi yenye majani na kivuli inakosaje mtu hata mmoja? Kwa hiyo mchukue mama yako mpaka pale, saa za jioni watu wanapotoka kazini. Asivae nguo ya kanisani. Avae kanga zake za kila siku na kandambili, na kama ana kifurushi chake cha mlenda mkavu akibebe. Wewe baki ng'ambo ya barabara, usimwongoze wala usimpungie mlinzi mkono. Mwambie aingie, atafute benchi, akae kidogo apumzike, halafu atoke.

Akiingia akakaa akatoka salama, rudi mezani uzungumze na Bwana Cornel kwa moyo mweupe, na masharti yako mkononi. Lakini akisimamishwa getini akaulizwa, "Bibi, unaenda kwa nani?" vuka barabara, umshike mkono mrudi nyumbani, kwa sababu hilo ni swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuulizwa kwenye shamba la baba yako.

Shangazi Cecilia